Ukiandikiwa dawa ya usingizi, ulizia na siku ya kuiacha

Toleo lililopita kuna mtu aliuliza kama dawa za usingizi za hospitali zina madhara, nikamjibu kwa mistari michache tu, kumbe nimegusa penyewe. Meseji zimemiminika, na nyingi sio za watu wanaotaka kuanza, ni za watu ambao tayari wanazitumia na wanaona aibu kumwambia mtu. Kwa hiyo leo safu nzima ni ya usingizi. Majina nimeyatoa yote.

Shikamoo anti. Mi ni mama wa watoto wawili, nilikosa usingizi muda mrefu mpaka daktari akaniandikia zolpidemu ya miligramu 10, nimeitumia kama mwaka sasa. Usingizi napata tena haraka, shida ni asubuhi, nakuta vitu sijui kafanya nani. Mara ya kwanza nilikuta sufuria jikoni, chakula kimepikwa kikaliwa nusu, na watu wazima humu ndani nilikuwa mi peke yangu. Juzi nimekuta nimemtumia bosi wangu meseji usiku wa manane, maneno yamekaa vizuri kabisa, namuomba ruhusa ya kwenda msibani na hakuna msiba wowote. Sikumbuki hata kushika simu. Dada yangu anasema nikaombewe. Ni mapepo au ni dawa?

Marahaba mwanangu. Ni dawa. Tena naomba usisubiri tarehe yako ya kliniki, ongea na daktari wako leo hii umwambie kila kitu, sufuria, meseji, vyote, hata kile unachoona aibu kukisema. Mtu akishafanya vitu usingizini akiwa na dawa hii maelekezo ni kuiacha na kutoirudia tena, ila kwa kuwa umeitumia mwaka mzima ni lazima daktari ajue unaacha ili akusimamie, usije ukapambana na usiku wa kwanza peke yako.

Kinachotokea ni kwamba dawa inalaza sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, lakini mikono, miguu na mdomo vinaweza kuendelea na kazi. Ndo maana meseji yako ilikuwa imenyooka. Watu wamepika, wamekula, wamepiga simu, wengine wamewasha gari wakaendesha na asubuhi hawajui lolote. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliamuru dawa tatu za familia hii, yaani zolpidemu, eszopikloni na zaleploni, ziwekewe onyo la ngazi ya juu kabisa kwenye karatasi yake, kwa sababu kuna watu waliumia vibaya na wengine walikufa. Na haihitaji uwe umezidisha, inaweza kumtokea mtu kwenye kidonge cha kwanza na kwa dozi ndogo, japo pombe ikiingia hapo hatari inaongezeka sana.

Afu kuna hiyo miligramu 10. Mwaka 2013 FDA haohao walishusha dozi ya kuanzia kwa wanawake kutoka miligramu 10 kwenda 5, kwa vidonge vya kawaida, sababu ilionekana mwili wa mwanamke unaitoa dawa hii taratibu zaidi na asubuhi bado inabaki kwenye damu kiasi cha kuharibu udereva. Mwanamke anaamka anajiona mzima, anashika usukani, kumbe nusu yake bado imelala. Sisemi daktari wako kakosea, huenda alikuwa na sababu yake, ila una haki ya kumuuliza.

Mpaka umalizane na daktari, usilale peke yako na watoto. Mwambie dada yako aje alale hapo, na funguo za gari na za mlango wa nje akae nazo yeye. Kuombewa kaombewe kama moyo wako unataka, mi sikatazi, ila dada yako aelewe kwamba wewe hujaharibikiwa kitu na wala hujalogwa.

Habari ya kazi mwandishi. Mimi ni mtu mzima nina miaka 58. Nilipewa Valium wakati nimepata matatizo kazini, ilikuwa iwe ya wiki mbili, leo ni mwaka wa nne. Nimejaribu kuacha, nikatupa vidonge vyote chooni. Siku zilizofuata sikulala kabisa, mikono inatetemeka, jasho, mlango ukigongwa nashtuka kama nimepigwa. Nikarudi famasia kununua. Nimekubali kwamba mwili wangu bila dawa haulali tena. Swali langu ni kama kuna ubaya nikiendelea nayo mpaka mwisho wa maisha.

Shikamoo kaka yangu. Hapo kwenye "nimekubali" ndo nataka tukae kidogo, maana barua za namna hii ndo nyingi kuliko zote na zote zinafikia palepale, kwamba mtu kaacha ghafla, kateseka, akadhani yale mateso ndo hali yake halisi bila dawa. Sio. Yale ni ubongo unalalamika kunyang'anywa kitu ghafla. Diazepamu, ambayo ndo Valium yenyewe, inafanya kazi kwa kuongezea nguvu kemikali ya ubongo inayotuliza, inaitwa GABA. Ukiimeza kila siku kwa miaka, ubongo unajipanga upya kwa kuitegemea, unapunguza utulivu wake wenyewe. Siku unaitupa chooni utulivu wa dawa umeondoka na ule wa kwako bado haujarudi, lazima utetemeke. Unarudi, ila kwa wiki na miezi, sio kwa usiku mmoja.

Na nikwambie ukweli, ulivoacha vile ni hatari kuliko ulivodhani. Mtu aliyetumia dawa za kundi hili, benzodiazepini, kwa muda mrefu akiacha ghafla anaweza kupata degedege, na degedege inaua. Usirudie kuacha ghafla. Mwaka 2020 FDA waliongeza onyo kwenye benzodiazepini zote kuhusu jambo hilihili, utegemezi na hatari ya kuacha ghafla.

Njia ipo na inajulikana siku nyingi. Kule Newcastle, Uingereza, daktari mmoja anaitwa Heather Ashton aliendesha kliniki ya watu wa aina yako kuanzia 1982 mpaka 1994, watu waliotumia miaka na miaka, na walitoka kwa kupunguza kidogokidogo kila mtu kwa mwendo wake. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2025 unasema uanze na kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila wiki 2 mpaka 4, na usivuke asilimia 25 ndani ya wiki 2. Yaani kaka, hii ni safari ya miezi, kwa wengine inapita mwaka, na hakuna aibu ukisimama kidogo kwenye dozi fulani mpaka mwili utulie ndo uendelee. Diazepamu yenyewe ina wema mmoja, inakaa mwilini muda mrefu sana, siku kadhaa, kwa hiyo inashuka taratibu na haikuangushi kama zile za muda mfupi.

Kama kuna ubaya ukiendelea, ndio upo, na kwa umri unaoelekea unazidi. Dawa hizi zinasababisha watu wazima kuanguka na kuvunjika nyonga, zinaleta usahaulifu, na usingizi wenyewe baada ya muda unakuwa mwepesi, unameza ili usiteseke tu. Nenda kwa daktari na sentensi moja: nataka kupungua taratibu, nisaidie ratiba. Akikwambia acha tu leo, tafuta daktari mwingine.

Anti samahani, ivi wewe umewahi kuzimeza hizi dawa au unatuandikia ya kusoma tu?

Nimewahi. Baada ya kufiwa na mtu wangu wa karibu sana nilikesha mpaka ikawa nikiona jua linazama moyo unaanza kwenda mbio, naogopa kitanda kuliko kitu chochote. Daktari alinipa zolpidemu dozi ndogo. Ninachokumbuka ni kwamba unameza, unakaa, unadhani haijafanya kazi, afu unasoma kitu kwenye simu unaona maneno yanasogea yanaachana, na kinachofuata ni asubuhi. Hakuna ile ya kusinzia polepole, hakuna kujigeuza, hakuna ndoto ninayoikumbuka. Asubuhi ya kwanza nililia kwa shukrani, sidanganyi, maana mtu ambaye hajawahi kukosa usingizi kwa wiki nzima hawezi kuelewa unafuu ule. Ndo maana huwa sipendi watu wanaowasema vibaya wenzao wanaotumia hizi dawa. Zinasaidia. Zilinisaidia.

Ila yule daktari alifanya kitu kimoja ambacho naona madaktari wengi hawakifanyi. Kabla hajanipa karatasi aliandika juu yake tarehe ya kidonge cha mwisho, akaizungushia duara, akaniambia tutaonana siku tatu kabla ya hiyo tarehe. Kwa hiyo toka siku ya kwanza nilijua hii kitu ina mwisho, na zile siku nilizopewa tulizitumia kushughulika na kilichokuwa kinaniamsha, yaani huzuni na ile hofu ya kitanda. Nikiangalia barua zote mlizonitumia, tofauti yangu na nyie sio nguvu wala imani, ni ile tarehe. Benzodiazepini kwa usingizi kawaida zinatakiwa ziishie wiki 2 mpaka 4 na hawa jamaa wa zolpidemu nao ni wa muda mfupi, lakini mtu anaandikiwa mwezi, anarudi anaongezewa mwezi, hakuna anayeuliza, miaka minne hiyo.

Mambo anti, naomba unisaidie, nimeenda hospitali kwa ajili ya usingizi nimerudi na amitriptilini, nikasoma kwenye simu nakuta ni dawa ya sonona. Mi sio mgonjwa wa akili. Daktari kanionaje?

Poa mdogo wangu. Kwanza, sonona ni ugonjwa kama presha, mwenye nao hana kosa, tuanzie hapo. Pili, angalia dozi. Kwa sonona amitriptilini huwa inafika miligramu 75 na kwenda juu, kwa usingizi wanatoa 10 au 25, maana hapo inachofanya zaidi ni kusinzisha. Kwa hiyo yawezekana hajakuona na sonona hata kidogo. Utapata mdomo mkavu, choo kigumu, na asubuhi kichwa kizito, wengi wanaimeza masaa mawili kabla ya kulala ili asubuhi isiwe nzito hivo. Kama una tatizo la moyo au la mkojo kuziba na hukumwambia, rudi umwambie kabla hujaanza. Na hii nayo usiizidishe, vidonge vingi kwa mkupuo vinasimamisha moyo, watoto wasiifikie.

Wengine mmeniuliza trazodoni, ni hadithi ileile, dawa ya sonona inayotolewa dozi ndogo kwa usingizi. Inaandikwa sana lakini ushahidi wake kwa usingizi ni mdogo, mwongozo wa mwaka 2017 wa American Academy of Sleep Medicine, chama cha wataalamu wa usingizi wa Marekani, haukuipendekeza. Kuna wanaolala nayo vizuri, siwakatalii. Wanaume tu mjue kwamba mara chache sana inaleta kusimama kwa uume kusikokwisha na kunakouma, ikipita masaa manne ni emajensi, usione haya ukasubiri asubuhi.

Natumia zopikloni, kila asubuhi mdomo mchungu kama nimelamba chuma, hata maji yanakuwa machungu. Ni ini?

Sio ini. Dawa yenyewe inatoka kwenye mate, ni kawaida yake na inaisha ukiacha. Wengine dozi ikipunguzwa inapungua.

Anti kuna dawa mpya nasikia hazina uteja kabisa, zinazima tu ubongo unaokesha. Ni kweli?

Zipo. Suvoreksanti ilipitishwa Marekani mwaka 2014, ikafuata lemboreksanti 2019, na daridoreksanti 2022. Zenyewe haziongezi utulivu wa GABA, zinaziba oreksini, kemikali ya ubongo inayotuweka macho, na utafiti mpaka sasa unaonyesha ukiziacha hazikupigi kama benzodiazepini. Ni hatua nzuri, mi nimefurahi. Bado zinaweza kukuachia uzito asubuhi, wengine wanapata ile ya kuamka mwili haukubali kusogea, na mwenye narkolepsia, yaani ugonjwa wa kushikwa na usingizi ghafla mchana, haruhusiwi kabisa.

Ila hilo neno "kabisa" naliogopa. Mwaka 1903 zilikuja babituriti watu wakaambiwa hatimaye usingizi umepatikana, zikaua watu wengi mno. Zikaja benzodiazepini, Librium 1960 na Valium 1963, sifa yake ikawa ni salama kuliko zilizotangulia, na kweli ni salama zaidi, lakini soma tena barua ya kaka yetu hapo juu. Akaja zolpidemu na wenzake, nao wakaambiwa hawazoeleki. Kila kizazi cha dawa kimekuja na ahadi hiyohiyo na ukweli wake tumeujua miaka mingi baadae. Ukiandikiwa meza, ila ulizia tarehe.

Mimi sitaki vidonge kabisa. Nimeambiwa kuna tiba ya maongezi ya usingizi, inasaidia kweli au ni kupotezeana muda? Maana kahawa nimeacha, simu nazima, maziwa ya moto nakunywa, na bado nakodoa macho dari mpaka alfajiri.

Inasaidia, na hiyo ndo barua niliyokuwa naiombea. Hayo mambo ya kahawa na simu ni mazuri lakini kwa mtu ambaye halali siku tatu au zaidi kwa wiki na imepita miezi mitatu, peke yake hayatoshi, na watu wakishayafanya yakashindwa wanakata tamaa. Tiba unayoisema ni ya saikolojia ya tabia na fikra kwa ajili ya usingizi, huwa ni vikao kama vinne mpaka vinane, na mwaka 2016 chama cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, kilisema hiyo ndo ianze kwa mtu mzima mwenye tatizo sugu, kabla ya kidonge chochote.

Kiini chake kina mambo mawili ambayo mwanzoni yanaonekana kama ukatili. La kwanza lilitokana na mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Bootzin, mwaka 1972: usipande kitandani mpaka usinzie, na ukiona kama dakika ishirini zimepita uko macho, toka. Toka kabisa chumbani kama unaweza, kaa kwenye mwanga hafifu, fanya kitu cha kuchosha, ukisinzia rudi. Hata ikiwa mara nyingi usiku mmoja. Saa usiiangalie, kadiria tu. Maana kitanda chako sasa hivi mwili umekifahamu kama mahali pa kukodoa macho, na kila saa unayolala pale ukipigana nacho unaufundisha hivohivo.

La pili ni kupunguza muda wa kitandani. Tuseme unapanda saa nne usiku unatoka saa moja asubuhi, masaa tisa, lakini ukijumlisha vipande vyako vyote unalala sita. Basi utapewa sita tu. Saa saba usiku ndo unapanda, saa moja asubuhi unatoka, hata kama hukulala, hata Jumapili, na mchana usisinzie. Wiki ya kwanza ni ngumu, siwezi kukuficha, utakuwa na usingizi wa kugongana na ukuta, ila huo usingizi ndo unaoutafuta, unarundikana mpaka usiku ukigusa mto umeondoka. Ukianza kulala sehemu kubwa ya hayo masaa, kama asilimia 85, unaongezewa robo saa au nusu. Hawashushi chini ya masaa matano. Na kama una kifafa, au ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, yaani baipola, au kazi yako ni udereva au mashine kubwa, usijaribu hili la pili peke yako bila mtaalamu, kukosa usingizi kidogo tu kunaweza kukuletea balaa.

Kwa wale wenye vidonge tayari, tiba hii inafanyika sambamba na kupunguza dozi, na watu wengi wanaofanya vyote viwili wanafanikiwa kuacha kuliko wanaopunguza tu.

Mama yangu ana miaka 74, famasia walimpa ile dawa ya mafua inayosinzisha anameza kila usiku. Siku hizi anachanganya majina yetu. Ni uzee?

Inawezekana ni dawa. Hizo dawa za zamani za mzio na mafua, kama diphenhydramini na klofeniramini, kwa wazee hazishauriwi kabisa kwa usingizi, zinaleta kuchanganyikiwa, mkojo kukataa na choo kigumu, na hata nguvu yake ya kusinzisha inachoka baada ya siku chache. Mpeleke na vidonge vyake vyote mkononi, vya presha, vya miguu, vyote, daktari avione pamoja. Msianze na kukubali kwamba ni uzee.

Nimepona nashukuru Mungu, nimebakiza zolpidemu kama kumi hivi. Shemeji yangu naye halali, anakoroma mpaka anakatika pumzi afu anashtuka. Nimpe?

Hapana, hata kimoja. Anayekoroma mpaka pumzi inakatika huenda ana apnea ya usingizi, koo linaziba anapolala, na kinachomuokoa kila mara ni kule kushtuka. Ukimlaza na dawa unaweza kumuondolea mshtuko huo. Kama anameza na dawa kali za maumivu au anakunywa pombe jioni, ndo kabisa. Mpelekeni akapimwe pumzi usiku, hiyo ina tiba yake na sio kidonge cha usingizi, na huko kutolala kwake huenda kukaisha pumzi ikishakaa sawa. Hivyo kumi rudisha famasia watajua pa kuviteketeza.